Maji ya Kwa Mwaro

Tangi la kioo liliingia Muyeye ndani ya tuktuk, limefungwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mekahaso alikuwa barazani akichambua mbaazi. Akasogeza ungo, akampisha mwanawe Jefwa apite, na Jefwa akaenda nalo mpaka sebuleni akaliweka juu ya meza, pale pale palipokuwa na redio.

"La nani hili?" Mekahaso akauliza.

"Letu, mama. Yule mzee Mtaliano ahama, arudi kwao. Kanambia lichukue, usipolichukua nalivunja."

"Na redio yangu itakwenda wapi?"

"Juu ya kabati."

"Huko nitaifikiaje mimi?"

"Nitakuwa nakufungulia, mama."

Redio ikapanda juu ya kabati. Jefwa alikuwa amemwendesha yule mzee kwa miaka, sokoni na benki, na kila alipoambiwa asubiri sebuleni alikuwa akisimama mbele ya tangi lile kumtazama samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, aliyekuwa akiingia na kutoka kwenye jiwe kama mtu aliyesahau kitu ndani. Jefwa alimtaka samaki wa namna ile nyumbani kwake. Hakuwa mtu wa kutaka vitu, kwa hivyo mkewe Purity, aliyekuwa akisuka watu nywele pale barazani, hakumkatalia. Alifuta mafuta mikononi akachukua simu, akatafuta namna linavyoanzishwa tangi la maji ya bahari.

Jina la kuzaliwa la Mekahaso lilikuwa jingine. Mekahaso ni mama yake Kahaso, na Kahaso alikuwa mtoto wake wa kwanza, msichana, aliyekufa kwa homa wakati alipoanza kung'oka meno ya utoto. Walimzika nyumbani, Kwa Mwaro, ng'ambo ya mto Sabaki, pamoja na wazee wa mji ule. Jefwa akazaliwa baadaye, na alipokuwa bado anabebwa mgongoni, kampuni ya chumvi ikaja na karatasi na trekta. Trekta ilisukuma nyumba, ikasukuma minazi, ikasukuma na makaburi, kisha ukachimbwa mfereji na maji ya bahari yakaletwa kulala juu ya mahali pale yakauke yawe chumvi. Watu wakatawanyika. Wengine walikuja Muyeye, wengine Kisumu Ndogo, mitaa ya huku Malindi.

Tangu siku ile Mekahaso hakukanyaga tena kaburi la mwanawe. Kila mwaka alikuwa akienda mpaka kwenye ua wa seng'enge na unga wake uliokorogwa na maji, amwage na kuita jina kama inavyopasa. Mlinzi mwenye roho nzuri alikuwa akimwacha amwage pale nje, na asiye na roho nzuri alikuwa akimfukuza. Ndani kote kulikuwa kweupe na sawasawa, hakujua hata aelekee wapi. Na usiku Kahaso alikuwa akimjia ndotoni na kumwuliza, "Mama, mbona wamwaga kule?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkondesha Mekahaso. Hakuwa na jingine alilolitaka duniani ila kujua mahali alipolala yule mtoto, ammwagilie pale pale alipo.

Purity akasoma kwenye simu kwamba tangi linataka mchanga, mawe yenye vijitundu, na maji safi ya bahari. Msimu ule maji ya Malindi yalikuwa mekundu kwa matope ya Sabaki, huoni hata vidole vyako vya miguu. Na mawe ya mwambani ukiyagusa, watu wa wanyamapori wanakukamata. Lakini Jefwa alikuwa na abiria wake wa kwenda upande wa Gongoni, na alijua mahali palipo na maji maangavu kama kioo: kwenye mfereji wa ile kampuni ya chumvi. Alipita penye ua uliolala chini, akajaza mitungi yake. Kando ya mfereji kulikuwa na kifusi cha zamani kilichosukumwa na matrekta, nacho kilikuwa na mawe ya matumbawe yenye vijitundu vingi. Akachagua mazuri, na mchanga akachota hapo hapo.

Mekahaso alimsaidia kuyapanga. Matatu kati ya yale mawe yalikuwa na masizi upande mmoja. Aliyageuza mkononi, akayajua kuwa ni mafiga, mawe ya jiko la mtu. Akayaweka ndani pamoja na mengine, akapangusa mikono.

"Samaki naleta kesho," Jefwa akasema.

"Thubutu," Purity akamjibu. "Ukimtia kesho, kesho kutwa utamtoa na kijiko. Samaki ajisaidia humo humo, na uchafu wake wawa sumu. Kwanza wapatikane wadudu wa kuila ile sumu. Nao wakiila watoa sumu nyingine, kwa hivyo wapatikane na wengine wa kuila ya pili. Ndipo maji yapone."

"Wadudu hao twawanunua wapi?"

"Hawanunuliwi. Waja wenyewe. Wala hawaonekani. Wakaa kwenye mawe, kazi yetu ni kuwangojea, wiki nyingi."

"Na wanapokuja wakute nini cha kula?" Mekahaso akauliza.

"Twawatilia kamba mmoja aoze, mama."

Mekahaso aliona maneno yale yamekaa sawa. Alikuwa amehama nyumba mara kadhaa maishani mwake, na hakuna hata moja aliyolala ndani yake kabla ya wasioonekana kula kwanza na kuridhika. Kilichomkera ni yule kamba mmoja. Wageni wengi kiasi kile, unawaitia kamba mmoja? Purity alipokwenda dukani kununua nywele za kusukia, Mekahaso alikoroga unga na maji ndani ya kata, akaumimina polepole kwenye tangi. Na kwa kuwa mgeni hali bila kuitwa, akawaita. Alianza na baba mkwe wake, Mwaro, mwenye mji. Akafuatisha wake zake Mwaro, kisha majirani waliozikwa kule, mmoja mmoja kwa jina lake na la baba yake. Mwisho akamwita Kahaso. Kisha akafunika debe la unga, akarudi kwenye mbaazi zake.

Purity aliporudi alikuta maji meupe kama tui. Akasema vizuri, simu ilikuwa imesema kutakuwa na weupe.

Baada ya weupe ukaja uvundo. Wateja wa Purity walikuwa wakisukwa huku wamejiziba pua kwa ncha za leso, na mmoja akamwambia, "Purity, mna maiti humo ndani?" Purity akasema ni samaki. Akaulizwa samaki yuko wapi, akasema bado hajaja. Kila asubuhi alichota maji kidogo kwenye kichupa, akatia matone ya dawa aliyoyaacha yule mzee Mtaliano, na maji yakageuka kijani kibichi, yaani sumu ya kwanza imepanda. Baadaye yakageuka zambarau, yaani imepanda ya pili. Jefwa alikuwa akija kuchungulia kila anapotoka kazini, akiuliza kama maji yamepona, na kila siku anaambiwa bado.

Kisha ukungu wa rangi ya kahawia ukaota juu ya mchanga. Simu ilikuwa imeusema na huo. Lakini haukuota kote. Uliacha vijia, na Mekahaso alipokisogeza kigoda chake akavijua vile vijia. Kimoja kilikuwa cha kisimani. Kingine kilikwenda duka la Farjallah, na kile kilichojipinda kilikuwa kikipita nyuma ya kwa Randu kwa sababu ya mbwa wake. Siku zilizofuata zikaota nyumba, kila moja kama kiberiti, za udongo na makuti. Minazi ikasimama, mirefu kama njiti za meno. Asubuhi moja moshi ukaanza kutoka kwenye mapaa, ukipanda juu kwa viputo vidogo vidogo hadi usoni mwa maji, na watu wakatoka nje kwenda shughuli zao. Walikuwa wakubwa kama kunde.

Purity alitazama, akatazama na simu.

"Hili hawakulisema," akasema. "Wamesema tu kila tangi lina tabia yake."

"Sasa samaki wangu atakaa wapi?" Jefwa akauliza.

"Angoje," mama yake akamwambia. "Humu mna watu."

Jefwa akangoja.

Mekahaso aliwatambua wote. Mwaro alikuwa amekaa mlangoni kwake akisuka kamba. Wakeze walikuwa wakitwanga, na kinu chao hakikutoa sauti. Kila aliyeonekana mle alikuwa mtu aliyekufa na kuzikwa Kwa Mwaro. Nyumba za walio hai zilikuwepo vile vile, ila milango yake ilikuwa imefungwa. Makaburi peke yake ndiyo hayakuwepo, kwa maana wenyewe walikuwa wametoka.

Mekahaso alimwona Kahaso siku ya tatu tangu moshi uanze. Alikuwa kisimani na kikopo chake, amefungwa shingoni kile kipande cha leso alichozikwa nacho. Mekahaso hakupiga ukelele. Alivuta kigoda mpaka paji lake likagusa kioo, akamtazama mwanawe akiteka maji, akiyaonja, akiyatema, na kuyamwaga. Mtoto akateka tena, akaonja, akamwaga. Nyuma yake wakasimama wengine na vyombo vyao, nao wakawa wanafanya vivyo hivyo na kurudi nyumbani na ndoo tupu.

"Purity," Mekahaso akaita. "Maji yao ni ya chumvi. Hawanywi."

"Ndiyo maji yenyewe, mama. Ni ya bahari."

"Wana kiu."

Purity akafikiri. "Tangi lapungua kila siku kwa joto hili," akasema. "Maji yaruka, chumvi yabaki. Ya kuongeza lazima yawe matamu. Kikombe kimoja tu kwa siku. Ukizidisha chumvi itapungua, wadudu watakufa, na tutarudia uvundo."

Basi Mekahaso alikata jani la mpapai, akachukua kikonyo chake kilicho wazi ndani kama mrija, akakishusha ndani ya tangi mpaka ncha ikafika mdomoni mwa kisima. Maji yalikuwa ya bomba, aliyoyaacha wazi tangu jana ili dawa yake itoke. Akayamimina kwa juu tone kwa tone. Kahaso akateka, akaonja, akanywa kikopo chote bila kupumua. Kikombe kimoja hakikutosha mji mzima. Mzee Mwaro alisimama penye kisima na fimbo yake akaamuru watoto waanze, na watu wazima wakanywa kilichobaki, siku wakapata na siku wakakosa.

Ikawa ndiyo kazi ya Mekahaso kila alasiri. Akimaliza kumimina alikuwa akikaa na kumsimulia Kahaso habari kupitia kiooni: kwamba ana ndugu, ndiye huyu mwenye tuktuk, kwamba duka la Farjallah halipo, kwamba alikuwa akimwaga pale nje ya ua kwa kuwa hakupewa njia. Mtoto alikuwa akiinua uso kumtazama, kisha anarudia mchezo wake wa mchanga. Zile ndoto za usiku zikakoma.

Habari hazikai Muyeye. Watu wa Kwa Mwaro wakaanza kuja kutoka Kisumu Ndogo na kwingineko, wakivua viatu mlangoni, wakiuliza, "Hodi, tumekuja kuwatazama wazee." Purity akawa anapika chai ya sufuria kubwa. Alikuja Kahonzi, bibi mnene wa miguu mibovu, akakaa akaisema minazi yake kwa idadi. Randu naye akaja, jirani yake wa zamani, na hata hawajakaa vizuri wakaanza.

"Unaona, Randu? Ule mnazi uliopinda uko upande wangu. Miaka yote ulinilia nazi zangu."

"Umepinda kuja kwako, lakini shina liko kwangu. Vaa miwani."

"Miwani ya nini na mtu mwenyewe nakuona ulivyo mwizi?"

Randu akacheka. Kisha akainama zaidi, akamwona marehemu mkewe amekaa kibarazani akichambua mboga. Akagonga kioo kwa kucha. Mkewe akainua macho, akamtazama, akageukia mboga.

"Hata kule hataki kuniona," Randu akasema, na akatoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Aliporudi ndani alikuwa na neno. "Mekahaso, hii ndiyo dawa. Miaka yote hii twaambiwa pale palikuwa pori tupu, hapakuwa na mtu, sisi ni maskwota, wavamizi. Sasa mji wote huu hapa. Nakwenda kumwita mkubwa wa ardhi aje auone kwa macho yake."

"Randu, waache wazee wapumzike."

"Wapumzike na shamba lipotee?"

"Mimi shamba sikulitaja. Nina mtoto humu, namnywesha maji."

Lakini Randu alikwenda, na wengi walimwona kuwa ana haki.

Mkubwa wa ardhi aliitwa Ochola, mtu mtaratibu mwenye shati lililopigwa pasi. Alikuja mchana pamoja na mama mmoja wa kampuni ya chumvi, Mueni, aliyevaa viatu vya kufunga na kubeba mwavuli. Walimwamkia Mekahaso shikamoo, wakapewa chai, wakaipokea. Kisha Ochola akachuchumaa mbele ya tangi akatazama kwa makini, upande mmoja, akazunguka na upande wa pili. Akahesabu nyumba kwa kidole. Akamsalimu Mzee Mwaro kwa kichwa, na Mwaro akaitikia.

"Ni kweli," Ochola akasema. "Mji uko. Kisima nakiona, njia naziona, na watu wako hapo wengi tu."

"Alhamdulillahi!" akasema Randu, ambaye hakuwa Mwislamu.

"Lakini mzee, sheria inauliza makaburi. Mtu akisema hii ardhi ilikuwa ya babu yangu, sisi tunamwambia, sawa, onyesha kaburi ya babu. Hapa mimi sioni kaburi hata moja."

"Babu mwenyewe si huyo hapo anasuka kamba!"

"Huyo namwona. Nimemsalimu. Nauliza kaburi yake."

"Katoka ndani yake."

"Basi kaburi hakuna," Ochola akasema kwa upole, kwa maana hakuwa mtu mbaya. "Na tena hawa wako chini ya maji ya bahari. Mambo ya chini ya maji yako na watu wa samaki, si ofisi yangu."

"Watu wa samaki watatwambia hawa si samaki," akasema Kahonzi.

"Watasema hivyo," Ochola akakubali.

Mueni alimaliza chai yake. Aliweka kikombe chini, akauliza maji yametoka wapi, kama mtu anayejua tayari. Jefwa, ambaye hakuzoea kusema uongo mbele ya mama yake, akasema yametoka mfereji wa chumvini. Mueni akauliza na mawe, na mchanga. Jefwa akasema ni huko huko.

"Basi maji ni ya kampuni," Mueni akasema. "Yakishaingia mfereji yamekuwa ya kampuni, na kilicho ndani ya maji kinafuata maji. Mawe na mchanga ni takataka, hizo tunawaachia. Nawapa pole, mama. Watu wenu ni wazuri, nimewaona. Lakini huyu kijana aliruka ua akachukua maji, na mkubwa wangu ameshasema aende polisi. Nimemwomba. Amesema maji yakirudi, mambo yameisha."

Ndani ya tangi jioni ilikuwa imekaribia, na Kahaso alikuwa akiwafukuza kuku kuwaingiza bandani.

Jefwa akasema, "Wacha wanipeleke, mama."

Mekahaso alimtazama. Alikuwa na watoto wawili, mmoja yuko upande huu wa kioo na mmoja yuko upande ule. Yule wa upande ule polisi hawamwezi.

"Lete mitungi," akamwambia. Kisha akamgeukia Mueni. "Nitawarudisha mwenyewe. Sitaki wakabebwe na mtu wasiyemjua."

Mueni akasema haina neno.

Wakaanza kuchota asubuhi iliyofuata. Purity aliwapa watu wa mle ndani nafasi ya kujitayarisha, na wakatumia nafasi ile kama watu waliowahi kuhama: walizima mioto, wakakunja mikeka, wakafunga kuku miguu. Kisha wakaingia mitunguni pamoja na maji, wazee kwanza. Nyumba zililainika zikabaki mchanga. Mekahaso alimchota Kahaso kwa kata, si kwa mpira wa kuvutia maji kama wengine, akamtia kwenye mtungi wa mwisho na kuushika mwenyewe mapajani njia nzima. Purity akaja mbio mpaka kwenye tuktuk, na kwa kuwa hakuwa na jingine la kumpa, akamwambia, "Mama, wadudu wakaa kwenye mawe, hawakai kwenye maji. Nimeyafunika kitambaa kibichi. Tangi halikufa. Hata leo tukipata maji mengine, samaki aweza kuingia."

"Haya, mwanangu," Mekahaso akasema. "Jefwa na amnunue."

Lango la kampuni lilifunguliwa. Mekahaso alikuwa hajawahi kulipita tangu lijengwe. Mbele yake madimbwi yalikuwa yamelala meupe, moja baada ya jingine mpaka macho yanachoka, na upepo ulikuwa na ladha. Mueni alimwelekeza dimbwi la kumwaga. Mekahaso akavua ndara, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, na maji yale makali yakamuuma kwenye nyufa za visigino. Akainamisha mitungi polepole, mmoja mmoja.

Wakatoka wakasimama pale penye maji haba, wamerudia kimo chao cha zamani, na mizigo yao vichwani. Mzee Mwaro alitangulia akatazama huku na huku. Hakukuwa na nyumba ya kurudia. Akaitupa ile kamba aliyokuwa akiisuka, akaenda zake upande wa mfereji, akalala chini. Na wengine wakatawanyika, kila mtu akielekea mahali pake bila kuuliza, kama watu wanaorudi majumbani kutoka mazishini. Mkewe Randu alilala na mboga zake.

Kahaso alibaki mwisho. Alichovya kidole majini, akaonja, akatema. Akamtazama mama yake. Kisha akashika njia, akapita kati ya mlango wa maji na nguzo ya umeme, akafika karibu kabisa na nguzo, akalala ubavu na mikono katikati ya magoti kama alivyokuwa akilala nyumbani. Chumvi ikamfunika mpaka shingoni.

Basi ni pale. Mekahaso alipatazama mpaka akapajua kama anavyoijua milango ya nyumba yake. Akafungua pindo la leso, akatoa unga wake, na chupa ya maji matamu aliyokuja nayo, na kile kikonyo cha mpapai.

"Mama," Mueni akasema kutoka ukingoni. "Maji matamu hapana. Yanaharibu chumvi."

"Ni kikombe kimoja."

"Najua, mama. Hata kimoja. Watanifuta kazi."

Mekahaso alisimama na chupa iliyo wazi mkononi. Kisha akaifunga, na unga akaurudisha pindoni. Aliita jina la mwanawe mara moja, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aliyekwenda kwa jirani arudi kula, akatoka majini na kuvaa ndara zake.

Mlinzi wa pale alikuwa kijana mwenye heshima. Alimsaidia kubeba mitungi mitupu mpaka langoni.

"Mwanangu, dimbwi lile lavunwa lini?" Mekahaso akamwuliza.

"Jua likikaza, mama. Inakuja trekta inakwangua."

"Dereva wake wamjua?"

"Namjua. Twakaa naye plot moja."

"Mwambie akifika karibu na ile nguzo apinde kidogo. Kuna mtoto."

Mlinzi akageuka akatazama. Alimwona na yeye, amelala ubavu.

"Trekta haipindi, mama," akasema. "Inakwenda moja kwa moja mpaka ukingoni. Lakini nitamwambia."

"Mwambie anaitwa Kahaso."

"Nitamwambia."

Akawafungulia, Mekahaso akatoka, na Jefwa akatoka nyuma yake na tuktuk. Mlinzi akazungusha mnyororo langoni akatia kufuli. Kule ndani pampu ikawashwa, na maji ya bahari yakaanza kuingia.